Nani Atalipa? Makisio ya Watazamaji wa Tamthilia ya Uhalifu katika Mtaa wa Hai Cinema, Juba

Ikisiri

Makala haya yanahakiki mapokezi ya tamthilia ya runinga ya Kenya, *Crime and Justice* (2021), miongoni mwa watazamaji wachache wa mtaa wa Hai Cinema, jijini Juba. Yanachunguza makisio yao, yaani maelezo waliyoyatoa kuhusu nani alitenda kosa, kwa nini, na nini kingefuata. Hoja kuu ni kwamba makisio yanayoonekana kuwa ya makosa hutuonyesha vizuri zaidi kile mtazamaji alichokielewa kuliko makisio sahihi. Yanafichua mambo mawili: msamiati wa Kiswahili ambao tayari umo katika sikio la Juba, na swali la haki ambalo tamthilia huliacha mlangoni mwa mahakama. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo kwa wapangaji wa ufundishaji wa Kiswahili nchini Sudan Kusini.

1.0 Utangulizi

Jina la mtaa wa Hai Cinema lina somo la isimu ndani yake. Katika Kiarabu neno *hai* lina maana ya kilicho na uhai na pia maana ya mtaa. Kiswahili kilichukua maana ya kwanza. Miji ya Sudan na Sudan Kusini inaitumia ya pili kila siku, ndiyo maana Juba ina Hai Malakal, Hai Jalaba na Hai Cinema. Mswahili anayefika hapo kwa mara ya kwanza huweza kudhani kwamba ameelekezwa kwenye sinema iliyo hai. Hujakosea kabisa: neno ni lilelile, ila limekaa katika nyumba mbili. Makala haya yanahusu maneno ya namna hiyo, na yanahusu pia watu wanaoyasikia.

Sudan Kusini ilikubaliwa kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Mwaka 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya waliazimia Kiswahili kiwe miongoni mwa lugha zake rasmi. Hata hivyo, Katiba ya Mpito ya Sudan Kusini ya mwaka 2011 inakitambua Kiingereza kuwa lugha rasmi ya kazi, na inazitambua lugha zote za asili kuwa lugha za taifa. Katika maisha ya Juba, lugha inayowaunganisha watu wa makabila mengi ni Kiarabu cha Juba. Kwa hiyo mpango wa kukiingiza Kiswahili katika shule unatua katika uwanja wenye wakaaji. Swali la watafiti na washauri wa sera ni hili: mkaazi wa Juba anakutana na Kiswahili wapi kabla hajaketi darasani, na anakutana nacho akiwa na nini mkononi?

Jibu moja ni runinga. Mwandishi wa makala haya, aliyekuwa akifundisha Kiswahili jijini humo, alipanga chumba katika ua mmoja wa Hai Cinema na kuwa mtazamaji miongoni mwa watazamaji. Jioni, jenereta ilipowashwa, watu wa ua ule walikusanyika kutazama vipindi kutoka Nairobi. Huu haukuwa utafiti wa hojaji, na hakuna takwimu zinazodaiwa hapa. Majina ya watu yameachwa kwa makusudi. Kinachotolewa ni uhakiki uliojengwa juu ya kusikiliza.

2.0 Tamthilia na Hadithi Zake Mbili

*Crime and Justice* ilitolewa na Showmax kwa ushirikiano na Canal+, na ilianza kuonyeshwa Februari 2021. Sarah Hassan na Alfred Munyua wanaigiza wapelelezi wawili wa Nairobi, Makena na Silas. Muundo wake unaunganisha tanzu mbili za runinga: kipindi huanza na upelelezi, kisha huhamia mahakamani. Mazungumzo yanachanganya Kiingereza, Kiswahili na lugha ya mitaani ya Nairobi, kama wafanyavyo wakaazi wengi wa jiji hilo.

Tzvetan Todorov, katika insha yake ya mwaka 1966 kuhusu aina za riwaya ya upelelezi, alieleza kwamba kazi ya namna hii hubeba hadithi mbili. Ya kwanza ni hadithi ya uhalifu, ambayo imekwisha kabla hatujafika. Ya pili ni hadithi ya upelelezi, ambayo kazi yake ni kuirejesha ile ya kwanza. Fasihi ya Kiswahili inaufahamu muundo huu tangu Muhammed Said Abdulla alipotuletea Bwana Msa katika *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960). Bwana Msa, akiwa na kiko chake na mwenziwe Najum, huondoa ushirikina na uvumi hadi ukweli ubaki peke yake. Faraji Katalambulla aliendeleza njia hiyo katika *Simu ya Kifo* (1965). Msomaji wa kazi hizi hualikwa kushindana na mpelelezi: nani atatangulia kumjua mwuaji?

Mashindano hayo yana sharti moja lisilotamkwa. Msomaji lazima aamini kwamba ukweli ukishapatikana, kazi imekwisha. Si kazi zote za uhalifu za Afrika Mashariki zinazokubali sharti hilo. Katika filamu ya *Nairobi Half Life* (2012) ya David Gitonga, polisi wenyewe ni sehemu ya mtandao wa uhalifu, na kumjua mkosaji hakumsaidii mtu yeyote. *Crime and Justice* iko kati ya njia hizo mbili: inaujua ufisadi wa mfumo, lakini muundo wake bado unamwahidi mtazamaji kwamba njia ya kutoka eneo la tukio itafika kizimbani. Ahadi hiyo ndiyo iliyohojiwa katika ua wa Hai Cinema.

3.0 Msimuliaji wa Uani na Sikio la Juba

Mtazamaji wa kwanza wa kuzingatiwa ni yule aliyewafasiria wengine. Katika ua ule walikuwapo vijana wawili waliosoma Nairobi wakati familia zao zilipokuwa uhamishoni. Wao ndio waliofuata mazungumzo moja kwa moja. Wazee na kina mama waliwategemea. Kipindi kilipohamia mahakamani na mawakili wakazama katika Kiingereza, kijana mmoja alianza kusimulia kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kiarabu cha Juba. Afrika Mashariki ina mapokeo marefu ya usimulizi huu: Lufufu katika vibanda vya video vya Dar es Salaam, DJ Afro nchini Kenya, na wasimuliaji wa Kiluganda nchini Uganda. Tofauti ni kwamba msimuliaji wa uani hajaandaa kitu. Anachagua neno linaloweza kufika upesi kwa mama aliyeketi kando yake.

Maneno aliyoyachagua yana mpangilio. Katika sehemu ya mahakama alisema *mahakama, hukumu, haki, sheria, wakili, dhamana, jinai*, na wasikilizaji hawakuuliza. Maneno haya yote yana asili ya Kiarabu, na mzungumzaji wa Kiarabu cha Juba huyatambua au huyakaribia. Katika sehemu ya upelelezi mambo yalikuwa kinyume. *Mpelelezi, uchunguzi, alama za vidole, kidokezo* yalisimamisha usimulizi kila mara. Hata *mshukiwa*, ambalo shina lake ni la Kiarabu, limevishwa viambishi vya Kibantu kiasi kwamba sikio la Juba halilioni tena kuwa ni jamaa. Kwa hiyo watazamaji hawa waliifahamu zaidi sehemu ambayo kwa kawaida tungeidhania kuwa ngumu, yaani lugha ya sheria, na wakapotea katika ile tunayoidhania kuwa nyepesi, yaani polisi kutembea mitaani wakiuliza maswali.

Lakini kutambua neno si sawa na kulielewa. Hapa ndipo makisio yanapokuwa ushahidi. Jioni moja kijana alieleza kwamba wapelelezi walikuwa wakimtafuta shahidi. Mama mwenye ua alisema mara moja kwamba basi mtu huyo amekwisha kufa. Vijana walicheka. Nami katika daftari langu niliandika: *amekosea*.

Ilinichukua siku kadhaa kuifuta alama hiyo. Kiarabu kina maneno mawili yanayokaribiana: moja ni la mtu aliyeona tukio na kulitolea habari, la pili ni la aliyekufa kwa ajili ya imani au nchi. Kiswahili kiliyapokea yote mawili katika umbo moja: *shahidi*. Mswahili hutofautisha kwa muktadha, na katika kesi hutangulia maana ya kwanza. Katika Juba maana ya pili ndiyo iliyo karibu zaidi na moyo. Kila tarehe 30 Julai nchi huadhimisha Siku ya Mashahidi, siku aliyofariki John Garang mwaka 2005, na familia nyingi zina shahidi wao. Mama yule hakukosa Kiswahili. Alilisikia neno lote, pamoja na ile nusu ambayo sisi tumezoea kuiweka kando.

Na kama kisio la kisimulizi, halikuwa baya. Shahidi anayetafutwa katika tamthilia ya uhalifu ni mtu aliye hatarini. Mara nyingi anauawa kabla hajafika mahakamani. Utanzu wenyewe unazijua maana zote mbili za neno. Mama aliufikia ukweli huo wa utanzu kupitia lugha, ilhali vijana waliojua msamiati walibaki wakisubiri shahidi aletwe.

Mfano wa pili ni neno *hakimu*. Katika Kiarabu cha Sudan neno hilo limetumika kumwita tabibu. Kijana aliposema kwamba hakimu ndiye atakayeamua, mzee mmoja alitoa kisio kwamba siri imo katika maiti: tabibu ataeleza marehemu alikufaje, na kesi itaishia hapo. Kisio lilijengwa kwa mantiki kamili juu ya maana moja iliyopishana. Mwalimu anayelisahihisha kwa kusema tu “si hivyo” atakuwa amepoteza nafasi ya kuonyesha kwamba maana zote mbili zina mzizi mmoja, yaani hekima: ya kuhukumu na ya kuponya.

4.0 Hadithi ya Tatu

Makisio yaliyojadiliwa hadi sasa yanahusu maneno. Kuna kundi la pili, na hilo halielezeki kwa msamiati peke yake. Kwa muda mrefu wa kila kipindi, wapelelezi walikuwa wakiuliza nani alitenda. Katika ua watu waliuliza kwa Kiarabu cha Juba: *munu bi dafa?* Nani atalipa?

Mwanzoni nililichukua swali hili kuwa ni la kutoka nje ya tamthilia. Lakini lilirudi kila jioni, na makisio yaliyolizunguka yalikuwa na undani kuliko yale ya kumtafuta mwuaji. Je, familia ya mtuhumiwa ina mali? Wazee wake ni nani? Je, ndugu wa marehemu watakubali, au watangoja siku yao? Kijana wa pembeni amekaa kimya tangu mwanzo. Je, si yeye atakayelipiza? Mzee mmoja aliyewahi kushiriki katika mabaraza ya kimila alifuatilia nyuso za jamaa wa marehemu kila zilipoonekana, hata kwa nukta chache, na kuzisoma kama mpelelezi asomavyo alama za vidole.

Swali hilo lina msingi katika sheria ya nchi. Kifungu cha 206 cha Sheria ya Adhabu ya Sudan Kusini ya mwaka 2008 kinatambua kwamba, katika kesi ya mauaji, ndugu wa karibu wa marehemu wanaweza kuchagua fidia ya damu ya kimila. Mahakama ikikubali, mkosaji hupata kifungo kisichozidi miaka 10 badala ya adhabu ya kifo. Neno linalotumika ni *dia*. Kamusi za Kiswahili pia zinalo neno *dia*, kwa maana ileile ya malipo kwa jamaa ya aliyeuawa, ingawa katika matumizi ya kila siku limefunikwa na *fidia*. Kijana msimuliaji, aliyelelewa Nairobi, alitumia *fidia*. Wazee walimrekebisha: *dia*. Kwa neno hilo moja, wanafunzi walimfundisha mwalimu wao Kiswahili cha zamani zaidi kuliko chake.

Kwa maneno ya Todorov, watazamaji hawa waliongeza hadithi ya tatu. Baada ya hadithi ya uhalifu na hadithi ya upelelezi, walidai hadithi ya baada ya hukumu: namna walio hai watakavyoishi pamoja. Kwa kipimo hicho, *Crime and Justice* ina upungufu ambao mhakiki aliyezoea utanzu huu angeweza kutouona. Tamthilia ina nguvu katika kuonyesha namna mamlaka yanavyohama kutoka lugha moja hadi nyingine: mtaani ni Kiswahili na lugha ya vijana, mbele ya jaji ni Kiingereza. Hili linaafikiana na sheria za Kenya, ambazo hukiweka Kiingereza kuwa lugha ya Mahakama Kuu na kuruhusu Kiingereza na Kiswahili katika mahakama za chini. Lakini muundo wa kesi kwa kipindi hauna nafasi ya kurudi nyumbani na mama wa marehemu. Yeye hutumika kuanzisha kilio na kusikiliza uamuzi. Katika ua wa Hai Cinema, yeye ndiye aliyekuwa mhusika mkuu.

Usiku wa mwisho niliotazama nao, kipindi kilipokwisha, mama mwenye ua hakuinuka. Mwanawe aliuawa katika miaka ya vita, na hakuna mahakama iliyowahi kulitaja jina lake. Alisema jambo moja tu: kwamba yule mama wa Nairobi angalau ameambiwa. Hakulaumu tamthilia. Alikuwa ameitumia kupima kitu, na kipimo kilikuwa sahihi.

5.0 Pingamizi

Mtu anaweza kupinga kwamba makisio haya ni tabia ya kawaida ya watazamaji popote, au kwamba yametokana na mazoea ya tamthilia za Misri na za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiarabu, ambazo familia na kisasi ni mihimili yake. Pingamizi hili lina uzito. Watazamaji wa ua ule walizifahamu tamthilia hizo na walizilinganisha. Hata hivyo, mazoea ya utanzu hayaelezi kwa nini swali liliulizwa kwa istilahi ya dia, wala kwa nini shahidi alidhaniwa kuwa amekufa. Hayo yanatokana na mkutano wa lugha mbili katika jiji moja lenye historia yake.

Pingamizi la pili ni kwamba ua mmoja si Juba. Ni kweli. Lakini ua mmoja unatosha kuonyesha kwamba jambo lipo. Ukubwa wake utapimwa na tafiti nyingine. Tukumbuke pia kwamba mkutano huu wa lugha umewahi kutokea. Kinubi cha Kibra, Nairobi, ni ndugu wa Kiarabu cha Juba. Kiliingia Afrika Mashariki pamoja na askari waliotoka kusini mwa Sudan mwishoni mwa karne ya 19, na kimepokea maneno mengi ya Kiswahili. Kinachotokea sasa Hai Cinema ni sura ya pili ya historia hiyo, safari hii Kiswahili kikiwa ndicho kilichosafiri.

6.0 Athari kwa Sera na Hitimisho

Mapendekezo matatu yanatokana na uhakiki huu. La kwanza linahusu mitaala. Vitabu vya Kiswahili kwa wageni mara nyingi huanza na salamu, soko na hoteli. Kwa mwanafunzi wa Juba, mlango ulio wazi zaidi ni msamiati wenye asili ya Kiarabu, ukiwamo ule wa haki na sheria. Aanze na anachokitambua, kisha aongozwe kuona namna viambishi vya Kibantu vinavyobadilisha sura ya neno: kutoka *shuku* hadi *mshukiwa*. La pili linahusu maneno yaliyopishana maana. Orodha ya maneno kama *shahidi, hakimu* na *hai* iandaliwe kwa ushirikiano wa walimu wa Juba na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, na ifundishwe kama utajiri, si kama mitego. La tatu linahusu watayarishaji: tamthilia za Kenya na Tanzania ziandikiwe tafsiri ya Kiswahili chini ya picha pale mazungumzo yanapohamia Kiingereza. Mtazamaji wa Juba, kama yule wa Tabora au Goma, anastahili kuisoma mahakama kwa lugha ya Jumuiya. Tanzania iliporekebisha sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, ilionyesha kwamba jambo hili halihusu burudani peke yake.

Sababu ya uzito wake iko katika Mkataba wa Amani wa mwaka 2018. Sura yake ya Tano inataja vyombo vitatu: Mahakama Mseto, tume ya ukweli, maridhiano na uponyaji, na mamlaka ya fidia. Vyombo hivyo vinalingana kwa karibu na hadithi tatu zilizodaiwa uani: nani alitenda, nini kilitokea, na nani atalipa. Siku vitakapokaa mbele ya umma, habari zake zitasimuliwa katika redio na runinga za kanda nzima, na Kiswahili kitakuwamo. Mtangazaji atasema kwamba wananchi wanaombwa kujitokeza kuwa mashahidi. Katika baadhi ya nyua za Juba, sentensi hiyo inaweza kusikika kama mwito wa kwenda kufa.

Daftari langu bado lina alama ile niliyoifuta. Nimeiacha ionekane. Mhakiki anayehesabu makisio sahihi na yasiyo sahihi atajua nani alifuata kisa. Anayeuliza kisio lilitoka wapi atajua mtazamaji aliketi wapi, alizungumza lugha gani, na alikuwa akimsubiri nani arudi kutoka mahakamani.